Mzazi Mmoja Tu

Ghorofa ya nne, Al-Khuwair. Kiyoyozi kinakoroma,
na mti wangu umesimama kwenye kioo,
shina juu, majani chini,
kila tawi na kialama chake cha kujumlisha:
ukibofya, linapasuka kama ganda la karanga.

Omani. Chini yake mikoa.
Chini ya mkoa, wilaya, neno ambalo Mama
alikuja nalo kutoka Tabora
akalikuta hapa limemtangulia.
Chini ya wilaya mji, chini ya mji mtaa,
chini ya mtaa nyumba yenye namba
asiyoijua hata mwenye nyumba.

Kazi ya leo ni Hail Sidri.
Nyumba arobaini na tatu, msikiti,
duka liuzalo gesi na biskuti.
Kimo mara mbili:
mara chini ya Izki, mara chini ya Samaili,
jina moja, nukta mbili,
na mwezi uliopita Mas'udi wa gari la wagonjwa
alipelekwa kwenye nukta isiyo na watu.
Alisimama kwenye changarawe za wadi, taa zinazunguka,
na mwanamke nyuma ya kilima
akimhesabia uchungu kwenye simu.

Mtoto alizaliwa salama.
Kwenye fomu, mbele ya *Mahali pa kuzaliwa*,
waliacha wazi.

Biju ndiye aliyeandika kanuni.
"Kila mtoto ana mzazi mmoja," anasema,
"mfumo haukubali wawili."
Anasema kwa upole,
yeye ambaye wanawe wako Kozhikode
na kila usiku huwalaza kupitia kioo kama hiki.

Nikapiga simu kijijini. Akapokea Ghanima, mwalimu wa chekechea.
"Falaji yetu inatoka Izki," akasema.
"Makaburi yetu yako upande wa Samaili.
Sasa wewe unataka tufuate maji au tufuate wafu?"
Nikauliza, bili ya umeme imeandikwaje?
Akacheka mpaka nikasikia watoto nao wakicheka:
"Bili ya umeme imeandikwa Maskati!"

Nikafuata maji.
Nikalishika tawi la Samaili nilifute;
kioo kikawa chekundu:
*Ukimwondoa mzazi huyu, rekodi 61 zitabaki yatima.*
Neno lao hilo, si langu.
Basi nikahamisha kwanza watoto, mmoja mmoja, kama anayehama kwa miguu:
msikiti, duka, kisima kilichokauka,
uwanja wa mpira usio na goli la pili.
Makaburi sikuyagusa. Yamebaki kule, peke yake,
chini ya wilaya ambayo walio hai wameiacha.

Saa tisa alasiri: *Imehifadhiwa.*
Nikamwambia Mas'udi ajaribu.
"Sasa inanionyesha sawasawa," akasema,
"lakini mimi njia nimeshaikariri."

Kwetu Al-Khoud hatuna mti.
Ukimuuliza Mama anakaa wapi, atakwambia
shuka duka la Mmalabari, si hili, lile lililofungwa,
kata kulia palipokuwa na mkunazi.
Jioni nikamsimulia, yeye anachambua mchele.
"Na yule mtoto, wamemwandika wa wapi?"
Izki, nikasema. Leo nimempatia kwao.

Akatoa kijiwe, akakitupa.
"Mimi nilizaliwa ndani ya treni.
Tulishaipita Urambo, usiku, behewa la tatu.
Baba yangu akangoja stesheni inayofuata,
akashuka, akauliza, hapa panaitwaje?"

Miaka yote hii, kwenye pasipoti yake: Tabora.
Nikamuuliza, baina ya Urambo na Tabora, pale penyewe, pana jina?
Alikuwa ameshaingia jikoni.
Nikasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria,
mara ya kwanza, mara ya pili.